Vyungu Vilivyolala na Ng'ombe

Watu wa Pwani nikiwaambia kwamba kwetu Tukuyu kuna miezi ambayo mafuta ya nazi huganda chupani mchana kutwa, wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyeanza kuzeeka vibaya. Eti baridi gani, mama, Tanzania hii? Haya, mimi sibishani na mtu. Nawaambia tu wajaribu kuumua pombe Masoko mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango, halafu ndipo tuongee.

Nilizaliwa Msasani. Nasema Msasani ya Tukuyu mjini, siyo ile ya wenye magari huko Dar, msinipandishe cheo bure. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, baba alikuwa na kibanda cha chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Mimi nilijua kukata nguo na kupika maandazi. Pombe niliijua ikiwa tayari tumboni mwa baba, na jinsi ilivyofika huko sikuwahi kuuliza.

Nikaolewa kijijini Masoko, miaka ile Azimio la Arusha likiwa bado jipya na kila mtu akimwita mwenzake ndugu. Undugu huo ulinikuta mimi nikiwa nakimbia, na hapo sina budi kueleza kwa asiye wa kwetu. Katika desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani kwa macho. Usimtazame usoni, usitaje jina lake, usikatize mbele ya alipokaa, usimsemeshe wala yeye asikusemeshe. Yeye kwa heshima atakohoa angali mbali, na wewe ukisikia kikohozi unaacha ulichoshika, unaingia migombani mpaka apite. Masoko migomba imejaa, Mungu ashukuriwe, maana ningeolewa kwenye nchi ya nyika ningejificha wapi?

Shangazi zangu walinieleza yote haya kabla ya harusi. Niliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikiliza redioni matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Kumbe! Mzee wangu alikuwa mtu wa kuamka na jogoo na kuzunguka boma lake mchana kutwa, mara anakagua kahawa, mara anakata majani ya ng'ombe, mara anarudi kuchukua panga alilosahau. Kila akigeuka ni kikohozi, na kila kikohozi ni mbio. Nimeacha ugali ukaungua. Nimeacha kuoga katikati, povu la sabuni machoni, nimejifunga khanga nusu, nimesimama katikati ya migomba nikitetemeka. Wiki za mwanzo nililia. Baadaye nilikasirika, na hasira yangu, wanaonijua watawaambia, haina breki.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai, anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Nilimpokea na malalamiko kabla hajavua viatu.

"Humjui baba," aliniambia.

"Nitamjuaje? Nimeona visigino vyake tu!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimwambia sitaki khanga, sitaki viatu, nataka nyumba. Tulikuwa tukikaa kwenye chumba cha nyuma ya jiko la mama yake, na jiko lenyewe mlango wake ulifunguka kwenye uwanja wa mzee. Nilitaka nyumba yangu kule chini karibu na kijito, mahali ambapo mtu anaweza kukohoa kwake na mimi nikaendelea kukoroga mboga yangu. Alikubali. Mianzi ilikatwa, nyasi za kuezekea zilikusanywa. Kilichobaki ni watu wa kujenga.

Kupata watu haikuwa jambo la kuamua nyumbani. Siku zile kijiji kilikuwa na shamba lake, na siku zilikuwa za shamba hilo, za chai na za mikutano. Mwenyekiti wa kijiji, baada ya kusumbuliwa sana na mume wangu, alitupa siku moja. Siku yenu ni hiyo, alisema, watu wataruhusiwa kuja kwenu, kazi kwanza, pombe baadaye. Mkiikosa, ngojeni kiangazi kingine. Nyumba ya mianzi na udongo haijengwi mvua ikinyesha, na kwetu mvua ikianza inasahau kuacha. Kwa hiyo ilikuwa siku ile, au mwaka mzima mwingine wa kukimbizana na kikohozi.

Na hakuna nyumba bila pombe. Hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtu alilijua, hata mwenyekiti. Watu waje kukandika udongo kutwa nzima halafu uwape nini, asante? Wanangoja kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mirija, watu wamezunguka chungu kimoja. Na ole wako ikivuma kwamba pombe ya mahali fulani haikuumuka. Siku hiyo wote watapatwa na maumivu ya mgongo.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana, mdomo mfupi kuliko wangu, na alikuwa akisifika kwa pombe mpaka ng'ambo ya Masoko. Alinionyesha kila kitu. Tuliotesha ulezi ndani ya majani ya migomba, tukauanika, tukausaga. Tulipika uji mzito wa mahindi, tukaungoja upoe, tukachanganya na kimea kile cha ulezi, tukajaza vyungu viwili vikubwa vya wafinyanzi wa Kikisi, vile vinavyopandishwa kutoka ziwani vikiwa vimefungwa nyasi. Akavifunika kwa majani, akavisogeza karibu na mafiga.

"Mahindi na ulezi kila mwanamke anavyo," aliniambia. "Kinachotutenganisha ni joto. Likizidi, chachu inaungua na utawapa watu siki. Likipungua, inalala. Na ikilala muda mrefu, mwanangu, huiamshi."

"Nitajuaje kama limezidi, mama?" nikanyoosha mkono kugusa chungu.

Alinipiga kofi dogo kwenye kiganja. "Mkono umetoka kushika maji, utajua nini? Weka shavu."

Nikaweka shavu langu kwenye tumbo la chungu. Lilikuwa vuguvugu, na ndani nilisikia vitu vidogovidogo vinapasuka, taratibu, kama mtu anayenong'ona. Nikataka kucheka. Mama mkwe akasema, hivyo hivyo, asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Moto mdogo, usizimike wala usiwake. Na ugeuze vyungu ili upande mmoja usiote moto na mwingine ukaganda.

Siku hiyo hiyo, kabla ya jioni, ikaja habari kutoka Masukulu kwamba dada yake amefariki. Alifunga khanga ya pili, akatazama vyungu, akanitazama mimi. Msiba wa dada hauachwi, na matanga yana siku zake. "Nitarudi kabla ya ujenzi," alisema. Akaenda.

Tukabaki boma zima mimi na mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Chakula chake nilikiweka kwenye jiwe nje ya mlango wake, nikaondoka, akala, nikarudi kuchukua sahani. Sahani alikuwa anaisuuza. Hilo nililiona nikalipuuza, maana hasira ikishakaa hupendi kuona mazuri ya mtu.

Siku ya kwanza pombe ilikwenda vizuri. Siku iliyofuata asubuhi nilikwenda migombani kuokota kuni, nikajitwisha mzigo, narudi, nikasikia sauti uwanjani. Wazee wenzake wamekuja. Wamevuta vigoda, wamekaa katikati kabisa, baina yangu na mlango wa jiko, na yeye amenipa mgongo, naona ncha ya blanketi lake tu. Nikasema moyoni watakaa kidogo. Wapi! Walianza na shamba la kijiji, wakaingia kwenye mwenyekiti, wakamaliza mwenyekiti, wakaanza ng'ombe wa mtu fulani aliyekufa zamani. Mimi nimesimama na kuni kichwani, ukungu unanichuruzika shingoni. Nikiwa pale niliuona moshi wa jiko langu ukipungua. Ukawa mwembamba kama uzi. Halafu haukuwapo tena.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikupita tu. Watoto wangu wameniuliza. Siwezi kuwaeleza vizuri. Miguu yenyewe ilikataa. Ni kama mtu akwambie pita uchi sokoni, nyumba yako inaungua. Utapita? Labda. Mimi nilisimama.

Walipoondoka jua lilikuwa limeshavuka. Nikatupa kuni, nikaweka shavu kwenye chungu cha kwanza. Baridi. Cha pili, baridi, na ndani kimya, kimya cha kweli. Nikashikwa na wazimu. Nikachochea moto kwa pupa, kuni mbichi, moshi umejaa, na ghafla ukawaka mkubwa, ukalamba chungu upande mmoja mpaka nikakivuta kwa khanga na vidole vikaungua. Hapo nikakaa chini nikalia kwa sauti, wala sikujali nani anasikia.

"Nyumba yangu imekwenda!" nilipiga kelele. "Imekwenda kwa sababu ya watu kukaa! Kukaa tu!"

Halafu nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, maana alikuwa karibu, na alikuwa amesikia.

Baba mkwe wangu alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa bado wanaishi kizamani, nyumba moja na ng'ombe. Nyumba ndefu ya mianzi, upande mmoja ng'ombe wamesimama kila mmoja na nafasi yake, upande mwingine kitanda chake, na humo ndani pakavu, pasafi, kuliko nyumba nyingi za wanaojiita wastaarabu. Jioni ile ng'ombe walikuwa wamerudi, jua bado lipo. Nikamsikia anaongea. Nikadhani kuna mgeni. Nikatega sikio.

"Sikiliza, mama," alikuwa akimwambia ng'ombe wake mkubwa, yule mwenye mimba. "Leo wazee tumekaa uwanjani mpaka miguu ikafa ganzi, tunaongea maneno yasiyo na kichwa. Kumbe kuna mtu migombani na kuni zake. Aseme nini? Hawezi kusema. Mimi ndiye ningeona kwamba moshi umekatika. Sikuona. Kosa ni langu, unisamehe."

Alikuwa akisema Kinyakyusa cha polepole, na kila penye neno gumu alichomeka Kiswahili. Nikashangaa, ng'ombe gani huyu anayetafsiriwa? Kisha nikaelewa, na moyo ukanilegea palepale nilipokaa, uso umejaa masizi. Mzee wa watu alikuwa akinitafsiria mimi, binti wa mjini, kwa kupitia ng'ombe, ili desturi isivunjike na mimi nisikose kuelewa.

"Humu ndani," akaendelea, "mnatoa joto kutwa kucha. Halizidi, halipungui, hakuna wa kulichochea. Na nani analifaidi? Mimi na viroboto. Sasa kama vyungu vingekuwa mlangoni hapo, na mimi nimekwenda kijitoni... Sijui. Mimi nasema tu, wewe tafuna majani yako."

Halafu akatoka, akakohoa kwa nguvu mara kadhaa, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi, akaelekea kijitoni bila ndoo.

Nilifikiria nini? Sikufikiria kitu. Nilikata magamba ya mgomba, yale mapana yenye utelezi, nikayatandaza, nikakalisha chungu juu yake, nikavuta. Magamba ya mgomba yanateleza kwenye nyasi zenye umande vizuri ajabu. Nikavuta cha kwanza, nikavuta cha pili, nikaviacha mlangoni pa nyumba ya ng'ombe, nikakimbia jikoni nikafunga mlango. Nikamsikia anarudi. Nikamsikia anaguna, anainua, anaguna tena. Mwanamume wa umri ule, mwenye heshima zake, amekumbatia chungu cha pombe inayoumuka! Kwa wanaume wa rika lake hiyo ilikuwa aibu. Pombe wanaijua ikiwa imeiva, kabla ya hapo ni mambo ya wanawake na hawayasogelei.

Asubuhi nilikuwa nafagia nyuma ya jiko nikamsikia tena.

"Mama, nimevifunga majani makavu ya migomba mpaka shingoni, nimeviweka baina yako na ndama. Lakini wanawake hupimaje? Nimeweka mkono, sielewi chochote."

Kumjibu siruhusiwi. Nikatazama huku na huku. Kulikuwa na jogoo anaparua majani. Nikamkaripia kwa sauti kubwa, "Wewe jogoo, una akili kweli? Nani alikwambia mkono? Weka shavu! Shavu, usikie!"

Nikaogopa kwamba nimevuka mpaka. Kisha kutoka ndani ya nyumba ya ng'ombe nikasikia kicheko, cha chini chini, kinachojizuia, kikashindwa kujizuia. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Nikajikuta na mimi nimeinamia ufagio nacheka mpaka machozi.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "jogoo la humu lina mdomo."

Siku zilizofuata tulilea pombe ile mimi na yeye bila kuonana hata unywele. Yeye alimwambia ng'ombe, mimi nilimwambia jogoo. Jogoo akichelewa kutokea nilimwambia kinu. Alitoa taarifa asubuhi na jioni: leo imeanza kusema kidogo, leo chungu cha kushoto kinasema kuliko cha kulia, cha kulia ndicho kilicholambwa na moto, kina upande umekauka. Nikamwambia jogoo wangu kwamba mtu mwenye akili angekisogeza chungu kile kwa yule mwenye mimba, ndiye mwenye joto zaidi. Nikasikia chungu kinasogezwa. Jua likitokea mchana, mlango wa nyumba ya ng'ombe nauona umefunguliwa upana wa kiganja, likizama kwenye ukungu umefungwa. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alikuwa anasikiliza na kufuata, na aliyelea ng'ombe maisha yake yote anajua kwamba kiumbe humpashi moto leo na kumgandisha kesho.

Wazee wenzake walirudi. Safari hii sikuwa migombani, nilikuwa jikoni, na nilimsikia anawapokea kwa mbali, ng'ambo ya uzio. "Tukae huku," aliwaambia, "huku kuna jua." Hapakuwa na jua. Palikuwa na ukungu ule ule na jiwe lenye maji. Waliketi huko huko, wakalalamika, naye akakaa nao, na uwanja ukabaki wangu.

Mmoja wao alikuwa amesikia habari, maana vijijini habari hazifungiwi mlango. "Tunaambiwa siku hizi wewe ni mwanamke," alisema kwa sauti. "Unalea pombe."

"Nalea nyumba ya mwanangu," mzee akajibu. "Nyinyi mtakuja kujenga au mtakuja kuongea?"

Wakacheka wote. Mimi jikoni nilisimama na mwiko mkononi, nikamwona ghafla mtu yule kwa namna ambayo macho yasingenionyesha. Mtu anayekubali kuchekwa na rika lake ili mtoto wa mwenzake, asiyemjua, apate mahali pa kulala. Mimi, niliyemsema kwa mwanawe kila Jumamosi! Basi tangu dakika ile nikampenda mzee yule. Nalisema wazi, maana sikupata kulisema alipokuwa hai.

Lakini hofu haikuniacha. Pombe ilikuwa imelala mchana mzima, na chungu kimoja kimeungua. Na je, kama itanuka ng'ombe? Unaweza kuwapa watu kimpumu chenye harufu ya mkojo wa ndama, na wakajenga? Shavu langu halikuwamo humo, niliishi kwa shavu la mwingine. Sikulala vizuri, sikula vizuri, na kila nikitazama ile mianzi iliyolazwa chini kule karibu na kijito, naiona ikioza mvua ikianza.

Mama mkwe alirudi siku moja kabla ya ujenzi, macho yamevimba, miguu imejaa vumbi. Aliingia jikoni kabla hajakaa.

"Vyungu viko wapi?"

"Kwa ng'ombe, mama."

Alinitazama kama mtu ambaye msiba haujamwisha, sasa anaongezewa mwingine. Sikueleza. Alitoka, nikasikia anazungumza na mumewe kwa Kinyakyusa cha haraka nisichokishika, sauti yake inapanda, ya mzee inashuka. Halafu kimya. Nikajua anaweka shavu. Nikajua anafungua majani. Nikashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nikaomba, wala sijui nilimwomba Mungu au niliwaomba ng'ombe.

Alirudi na kibuyu kidogo. Alinipa mimi kwanza, na hilo si la kawaida. Nikaonja. Ulezi, uchachu kidogo, utamu nyuma, na ile kuwasha kwenye ulimi. Hapakuwa na siki, wala harufu ya ng'ombe.

"Na kile kilichoungua?" nikauliza.

"Hicho unachoonja," akasema. Akakaa kwenye kigoda, akavua khanga ya kichwani, ndipo akamlilia dada yake upya, na mimi nikakaa nikamshika mgongo.

Kesho yake ukungu haukuondoka, na watu walikuja. Walikuja wengi mpaka wakakanyagana. Wanaume walichimba mashimo, wakasimika nguzo, wakafunga mianzi; sisi wanawake tuliteka maji na kukanyaga udongo, matope magotini, nyimbo juu. Mwenyekiti wa kijiji naye alivua viatu akakanyaga. Mume wangu alikuwa anakimbia huku na huku kama aliyezaliwa upya. Mchana nyumba ilikuwa imeshasimama mifupa yake, inatazamika, pale pale nilipopataka, kule chini.

Mtu mmoja aliyekuwa akifunga mianzi akaita, "Mwenye nyumba! Mlango tuukate wapi?"

"Huku," mume wangu akasema, akionyesha kijito. "Mke wangu anataka huku. Tuwape mgongo wale wa juu, apumzike kukimbia."

Watu wakacheka. Walijua yote. Nikanawa mikono yenye udongo, nikasogea. Juu, uwanjani, nilijua yuko, amekaa nyuma ya nyumba yake ili mimi nifanye kazi kwa uhuru siku ya nyumba yangu. Hakushuka hata mara moja. Pombe aliyoibeba kwa mikono yake angeinywa watu wote wakishashiba, peke yake, kwenye kibuyu atakachopelekewa.

"Ukateni upande ule," nikasema. "Utazame juu."

Mume wangu akafikiri nimechanganyikiwa na jua, ila jua lenyewe halikuwapo. "Umerogwa? Si utakimbia kila asubuhi mpaka uzeeke?"

"Nitakimbia."

"Kwa nini, mwanamke?"

Panga lilikuwa juu ya mianzi, linangoja. Sikuwa na maneno mazuri, na siku zile sikujua kuyatafuta. Nikamwambia, "Nikiupa uwanja mgongo, sitamsikia baba akiongea."

Wakaukata nilikosema. Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila asubuhi aliyoishi niliacha nilichokuwa nacho mkononi, nikaingia migombani, nikangoja amalize kumsalimia ng'ombe wake ndipo nijue mimi nimeamkaje. Uso wake sikuuona hata siku ya kumzika. Walinifungulia njia, waliniambia siku hizi inaruhusiwa, nikakataa, nikabaki nje na wanawake nikilia kuliko watoto wake wa kuzaa.